Jina Tuliloliazima

Kuna asubuhi moja ambayo haijaniacha, mwanangu, na leo imenirudia nilipokuona umeinunia kompyuta. Kompaileta, ile inayokagua programu kabla haijaanza kufanya kazi, imekataa programu yako, inasema kitu ulichokwisha kumpa mwingine huwezi kukitumia tena. Sogea hapa, uso huo hauitengenezi.

Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza najifunza kuandika programu kwa tonton wangu, kaka wa mama. Lugha yetu ya programu ya wakati ule haikumkaripia mtu, ilikuacha tu ukosee. Tuliitwa kwenye kituo kimoja cha afya, njia ya kutoka Bukavu kwenda Kavumu, kwa sababu mashine inayoita wagonjwa kwa spika ilikuwa inakosea majina.

Tulipoingia, spika ikaita: "Furaha Nabintu." Hakuna aliyekwenda. Muuguzi akaacha kuandika. Mlangoni alisimama mama mmoja amebeba blanketi la kituo, amelifua na kulikunja vizuri. Furaha alikuwa binti yake, na walikuwa wamemzika wiki ile. Mama alikuja kurudisha blanketi walilomwazima pale kituoni.

Kisha akaandikishwa Baraka, mvulana aliyepakatwa na bibi yake. Spika ikakwaruza kidogo, ikaita: "Baraka Nabintu." Bibi akamziba mtoto masikio. Nusu ya jina ilikuwa ya mjukuu wake, nusu ya marehemu. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini sikudanganyi, niliogopa mpaka nikashika shati la tonton.

Yeye akafungua programu, akanionyesha. Furaha alipofariki, nafasi ya jina lake kwenye kumbukumbu ya mashine ilirudishwa, ipewe mwingine. Lakini ile sehemu inayoita ilikuwa bado imeshika njia ya kwenda palepale. Baraka alipowekwa pale, jina lake lilifunika "Furaha," na "Nabintu" likabaki.

"Hii sehemu walimupa jina, ao walimuazimisha tu?" akaniuliza tonton.

Sisi Bukavu tunasema "unipe" hata kwa mwiko utakaorudi jioni, na jirani anaelewa. Mashine haina ujirani.

Yule mama akaja mpaka mezani, akaweka blanketi mbele yetu.

"Mimi nimerudisha ya kwenu," alisema polepole. "Na nyinyi munirudishie jina ya mutoto wangu."

Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu hata kovu hakuwa nalo bado. Tonton akasimama, akavua kofia.

"Jina iko yako, maman. Sisi tuliiazima tu."

Akaizima mashine palepale. Muuguzi akaita wagonjwa kwa mdomo mpaka tulipomaliza kuitengeneza. Bibi aliposikia "Baraka," peke yake, kutoka kinywani mwa mtu, ndipo akaondoa mikono masikioni mwa mtoto.

Kwa hiyo, mwanangu, usiichukie kompaileta. Inakuuliza swali la tonton mapema, kabla mama wa mtu hajasimama mlangoni. Kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja, na anayeazima arudishe kabla mwenyewe hajaondoka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, nami naongeza kwamba jina la kuazima halimfai hata marehemu.

Mungu akujalie mikono inayokumbuka kurudisha. Na siku yako ikifika, baada ya miaka mingi, jina lako libaki kwa wanaokupenda, lisiitwe na kitu kisichojua kwamba umeondoka.