Bundi wa Paa la Mayu Holo

Sema nilikuwa na usingizi, sikukatazi. Lakini macho ni yangu na aibu ni yangu, na haya yalinikuta hapahapa Nkololo, msimu wa pamba wa juzijuzi tu.

Alfajiri nilitoka kwenda kukamua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, kila kitu kinaelea. Ng'ambo ya zizi langu paa la Mayu Holo, mjane jirani yangu, lilionekana nusu tu, na juu yake amesimama bundi. Bundi gani yule! Mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, masikio wima, macho ya rangi ya chungwa. Kwetu bundi wote ni bundi, hatuulizi ni yupi. Na bundi wa ukubwa ule si ndege tena, ni mtu aliyejigeuza.

Sikumsogelea. Nilikimbia senta nikasema. "Mkubwa kiasi gani?" wakauliza. Nikaonyesha kiunoni. Hadi mchana mikono ya watu ilikuwa imefika kifuani. Jioni vijana wakabomoa nyumba ya Mayu Holo, naye akaondoka na ndoo na blanketi kwenda kijiji cha Mwamanyili, kwa binti yake. Nami nilisimama nikitazama.

Wiki mbili baadaye, ukungu tena. Bundi yuleyule, palepale, juu ya paa. Nikaganda. Paa gani? Si tulilibomoa? Basi amesimama juu ya nini?

Nikaenda, na niamini, kila hatua niliyopiga ndege alipungua. Akawa kama mbuzi, akawa kama kuku. Nilipomfikia alikuwa juu ya nguzo ya lango la zizi langu mwenyewe, hazidi njiwa, uso mweupe umezungushiwa mstari mweusi. Alikuwa kwangu siku zote. Nililia pale pale, mtu mzima mimi.

Ndipo akafumba jicho moja, akasema taratibu kwa sauti ya Mayu Holo: "Mwangaluka, baba."

Nikaitikia. Ungefanyaje? Salamu ya mkubwa haiachwi hewani.

Siku hiyohiyo nilikwenda Mwamanyili, nikapiga magoti. Mayu Holo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi najua sikuruka," akasema. "Kawaambie wao."

Niliwaambia. Walicheka, kisha wakaacha kucheka. "Ameshamroga na huyu," wakasema. Sasa nikipita kina mama wanawaita watoto wao ndani, na kiwanja cha Mayu Holo kimelimwa mahindi.

Wewe unayenisikiliza, ukimwona bundi wa kutisha, msogelee kwanza ndipo ufungue mdomo. Ni hatua kumi tu. Mimi sikuzipiga, na leo mama wa watu anazeekea kwa mkwewe, anakula peke yake nyuma ya jiko, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani wakila.