Rafu ya Chini Dukani kwa Mama Furaha

Tulikuwa watano dukani siku ile: Mama Furaha mwenye duka, Papa Bauma, mbebaji wa maziwa kutoka Kirolirwe, aliyesimama kununua tumbako, mimi, mdogo wangu Bahati, na Riziki, kitinda mimba wetu, ambaye hakuwa hata na miaka mitatu. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufariki, na mimi mkubwa nilikuwa nimeacha shule ili niwalee wale wawili.

Ninyi wa rika langu mliokulia Masisi miaka ile ya sitini mnakumbuka duka lilivyokuwa. Sabuni, mafuta ya taa na samaki wa chumvi, harufu moja. Dawa iliuzwa kidonge kimoja kimoja, ikafungwa katika karatasi ya daftari. Na mnakumbuka matabishi, ile nyongeza ya bure ambayo mtoto hakukubali kuondoka bila kuipata. Kwa Mama Furaha ilikuwa bonbon moja, peremende, na mtoto aliichukua kwa mkono wake mwenyewe, katika bokali, chupa ya mdomo mpana iliyokaa rafu ya chini.

"Mutoto, kamata matabishi yako!" Hata hakugeuka kutazama.

Juma lile alikuwa amepata vitenge vipya. Akavipandisha rafu ya juu ili vionekane toka barabarani, na dawa zilizokuwa pale akazishusha chini. Bokali ya vidonge vyekundu vya kuongeza damu, dawa ya akina mama wajawazito, ikakaa ubavuni mwa bonbon. Vidonge vile vilipakwa sukari, vikang'aa kuliko bonbon zenyewe.

Mimi na Bahati tulikuwa tukibishana na Mama Furaha juu ya chumvi, kwamba hakujaza kopo. Nilipogeuka, Riziki alikuwa amekaa chini, midomo myekundu, bokali katikati ya miguu yake.

"Yaya, matabishi iko mingi!" aliniambia mimi dada yake.

Nikampokonya bokali. Mama Furaha akacheka.

"Wacha woga, dada. Ile njo dawa ya damu. Itamuongeza damu tu, atanenepa!"

"Mama, unacheka nini?" Papa Bauma alifoka. "Mutoto wa ndugu yangu mukubwa alikula ile ile. Hakuona kesho yake."

Akatua vibuyu vya maziwa ya bwana wake palepale mlangoni, akavuta kitenge kipya rafuni bila kuuliza, akamfunga Riziki mgongoni na kuteremka mlima mbio. Sisi nyuma yake. Njiani mtoto alitapika, akatapika tena, kisha akalegea kama nguo iliyoloa.

Kwenye dispansere, zahanati yetu, walimwosha tumbo, naye Papa Bauma akapanda kurudia maziwa yake. Siku tatu nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake. Siku ya nne akaomba maharagi.

"Mungechelewa kidogo tu, mungeniletea maiti," muuguzi aliniambia.

Hakuna aliyetutakia mabaya. Mama Furaha alitupenda. Alihamisha vitenge tu.

Wajukuu wangu wananung'unika tukienda farmasi: dawa ziko nyuma ya kioo, muuzaji anauliza ni za nani, ana umri gani, na wao wanaona dakika tano ni kifungo. Mimi nasubiri na kujibu kila swali. Enzi zetu zilikuwa tamu, nazililia kila siku, lakini rafu ile siililii.

Yale maziwa yalimwagwa na mbuzi. Bwana wa Papa Bauma alimfukuza kazi jioni ileile, kabla hatujarudi kutoka dispansere, naye akaelekea Walikale kutafuta kazi. Nimefika huko mara mbili, nimeuliza sokoni na makanisani. Hakuna anayemjua. Riziki ni bibi sasa. Mtu yule alipoteza kazi kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto alipona.