Kufuli la Mzee Ekiru

Nilifika Lodwar mwaka wa 2012 nikiwa juu ya magunia ya vitunguu. Lori lilitoka Kitale, likapita Kapenguria kwenye baridi, kisha likateremka Marich tukaanza kuvua masweta. Kainuk tulishinda tukingoja askari wa kusindikiza magari. Kuanzia hapo lami ilikuwa imebaki vipande vipande, na dereva aliona heri mchanga wa kando. Nilikuwa nimeingia miaka ya arobaini, sina mtu wa kuniuliza ninakwenda wapi, na nguo zote zinanuka vitunguu.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu, lakini mwenye elimu ya kidato cha nne tu, aliyeandikwa na wazazi wa shule. Nilifundisha Kapedo, nikafundisha Kaikor. Kila nilipozoea upepo wa mahali, nilihama. Walimu wenye vyeti walipoletwa, niliweka chaki chini. Niliachiwa kikombe cha bati na wimbo wa watoto, nao wimbo huo mpaka leo siwezi kuusikia nikatulia.

Siku ya kwanza ya kazi ya pili nilikaa mbele ya Mkuu wa Vipindi wa redio moja ndogo ya pale Lodwar, mama mnene aliyejipepea kwa faili.

"Mwalimu, unajua kuchekesha watu?"

"Nimefundisha hesabu watoto wenye njaa, madam."

"Hiyo inachekesha wapi?"

"Walicheka."

Akaacha kujipepea. "Haya. Andika, tutaona."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila wiki nilitunga hadithi ya kuchekesha, msomaji akaisoma hewani. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu ukizidisha msikilizaji ataondoka kunywesha mbuzi. Sentensi ya mwisho tuliiita ndoana, kwa kuwa ndiyo ya kumvuta mtu arudi wiki ijayo. Lakini ufundi mkubwa ulikuwa pumzi. Pumzi ni mstari mfupi ninaouchora pale msomaji anapotakiwa kunyamaza ili watu wacheke. Ukiuweka mapema, kicheko hakijaiva. Ukichelewa, kimekwisha kumwagika.

Nilimtunga mzee mmoja, Ekiru, jina la mtu aliyezaliwa siku ya mvua. Kijijini kwake mvua ikikosa, analaumiwa yeye. Siku moja chifu aliagiza kila boma lichimbe choo. Ekiru akachimba, akajenga, akatazama, akaona ni kizuri mno kwa haja ile. Akakitia kufuli, akafungia humo vitoto vya mbuzi wakati wa jua kali, na wageni wakija anawazungusha nje wakione. "Na wewe mwenyewe unaenda wapi?" wanamuuliza. Pumzi. "Mimi si mgeni."

Hadithi hiyo ilifika hadi Lokiriama, kwenye malisho ya mbali. Wachungaji walisalimiana "ejok", kisha wakaulizana kama kufuli limefunguliwa. Nilikuwa nimefundisha miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kunisubiri namna hiyo.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kakuma, kwenye vikundi vya wasikilizaji. Kulikuwa na banda la mabati mpakani mwa mji na kambi ya wakimbizi, na hapo Waturkana, Wasudani Kusini na Wakongo waliketi kusikiliza redio moja. Mkubwa wangu mpya alikuwa Afisa wa Ujumbe, kijana nadhifu wa shirika lililolipia kipindi. Ujumbe ni lile funzo ambalo mlipaji anataka hadithi ilibebe. Aliniita ofisini kwake.

"Ekiru anapendwa sana."

"Nashukuru, bwana."

"Ndiyo maana atakufa. Kipindupindu, kwa sababu ya kufuli lile."

Nikadhani anatania. "Huyu ndiye anayewachekesha, bwana."

"Akifa mtu wasiyempenda, nani ataogopa? Utatunga mwingine. Wewe si mwalimu?"

Nikaandika. Hadithi nzima haikuwa na pumzi hata moja. Ilisomwa banda likiwa limejaa, na baada yake likaja tangazo la sabuni.

Asubuhi Mama Nyandeng, Msudani Kusini aliyeuza sukari kambini, alinisimamisha njiani.

"Ustaz, kwa nini hamukuita sisi tuombe? Mzee anakufa peke yake, redio inaimba sabuni?"

"Mama, ni hadithi tu."

"Najua hakuna mutu! Mimi si mutoto. Lakini tumelia."

Upande wa mji, akina mama wa Kiturkana walikuwa wamevua shanga kwa kumwomboleza. Mzee Lomuria, mwenyekiti wa kikundi, alichinja mbuzi, wakala, shanga zikarudi shingoni. Msiba ukafungwa. Tangu hapo saa ya kipindi ikifika, redio ilizimwa.

Afisa alitokwa na jasho. "Mfufue. Sema ilikuwa ndoto."

Niliandika kwa furaha kama mwendawazimu. Ilikuwa hadithi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilimpelekea Mzee Lomuria kwanza, nikaanza kumsomea. Aliinua mkono kabla sijataja jina.

"Wacha. Usiite yeye. Mbuzi imekulwa."

"Lakini mzee, anarudi!"

"Anarudi wapi? Sisi tumemaliza yeye vizuri. Akikufa ya pili nani atalia? Ama mtakuwa mnaua yeye kila mara pesa ya shirika ikikuja?"

Nilimweleza Afisa neno kwa neno. Alisema ratiba ni ratiba. Akawaita watu bandani, akawasha redio kwa mkono wake, hadithi ikasomwa. Jina lilipotajwa, Mzee Lomuria alisimama, akachukua kigoda chake, akatoka. Wengine wakamfuata, bila kelele, Mama Nyandeng akiwa wa mwisho. Hakunitazama. Msomaji hewani hakujua, akaendelea kunyamaza kila nilipomchorea anyamaze. Pumzi zangu zote zilipita juu ya mabenchi matupu.

Vijana mnaotaka kazi hii huniuliza siri yake. Sina. Niliwahi kuwa na mtu mmoja tu ndani ya kalamu, na nilimtoa nilipoambiwa nimtoe. Nimejaribu wengine baadaye, Kitale na kwingineko. Wanatembea, wanasema, hakuna anayecheka, hata mimi.

Niliondoka Kakuma kwa lori, kabla mwaka 2013 haujaisha. Tulipopita Lodwar alipanda mama mmoja na magunia ya samaki wakavu. Njiani akawasimulia wenzetu habari za mzee mmoja wa huko Kaikor aliyetia choo kufuli. Hakumtaja jina. "Wakamuuliza, na wewe unaenda wapi?" Akanyamaza. Akanyamaza mahali palepale, kwa urefu uleule.

Lori zima lilicheka. Mama akaniona.

"Wewe mbona unalia? Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Woi, pole, ndugu yangu. Alikuwa wako?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa wangu. Akanisogezea gunia nikae vizuri.