Fomu Nne Zenye Muhuri

Mwanzoni fomu zilikuja kwa simu, unabofya unajaza. Nikazirusha kwenye magrupu ya zahanati zote. Watu wakaniwekea dole gumba, asijaze hata mmoja. Nikakumbusha. Dole gumba tena. Jamani! Basi nikazichapa, nikazitia begini, nikapanda bodaboda: Nkowe, Chinongwe, Chunyu, vumbi mpaka kwenye meno. Mimi ni muuguzi, kwangu Nachingwea, ila kazi ilinileta Ruangwa, na mwaka ule walinitwisha hii ya kuwauliza watumishi wa afya kama wako salama kazini. Kila kituo nilisema yale yale: usiandike jina, jaza peke yako, tia kwenye bahasha, gundisha.

Nikarudi kuzikusanya. Kwenye zahanati moja mbali na lami, ya watumishi wanne, mganga mfawidhi alinipokea anatabasamu.

"Shikamoo mama. Zako ziko tayari."

Fomu nne. Zote zimepigwa muhuri wa kituo, zote zina sahihi yake. Nikazipekua: mwandiko mmoja, majibu mamoja.

"Daktari, si nilisema hizi ni za siri?"

"Tulikaa kikao mama, tukajibu kwa pamoja. Sista ndiye mwenye mwandiko mzuri, akatuandikia. Na karatasi haina muhuri, nani ataipokea?"

Hakuwa na nia mbaya, naapa. Sote tumelelewa hivyo kazini, karatasi haitoki kituoni bila kupita kwa mkubwa. Nilikuwa nimechoka hata kubisha siwezi. Nikaomba maji ya kunywa.

Maji aliniletea yule sista wa mwandiko, binti mdogo, mwaka hajamaliza kazini. Kidole gumba chake cha kushoto kina plasta. Nimeshika sindano miaka mingi, plasta ya mahali pale naijua.

"Umejichoma?"

"Hapana mama, kisu tu. Nilikuwa namenya muhogo."

"Mwanangu, nakuuliza mimi."

Akatazama mlangoni, machozi yakamtoka. Akaniambia boksi la kutupia sindano lilikuwa limejaa pomoni. Alishasema mara mbili, akaambiwa atumie hivyo hivyo. Juzi asubuhi akawa anasukuma sindano iingie, nyingine iliyotumika ikamchoma. Ilimchoma nani kabla yake, hajui. Na hajamwambia mtu, maana wataandika uzembe, naye bado hajathibitishwa kazini.

Juzi asubuhi! Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi lazima uanze ndani ya siku tatu, na zilikuwa hospitali, si pale. Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nikafungua zile fomu. *Ukiumia kazini, unatoa taarifa bila hofu?* Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kaandika yeye, na plasta yake kidoleni.

Nilipaswa niende kwa mganga nimwambie wazi, usalama wao ndio niliotumwa kuuulizia wilaya nzima. Binti akanishika mkono. "Mama, usiseme. Nakuomba sana." Nikaenda, nikamwambia mganga, "Daktari, niazime sista anisaidie kupeleka fomu mjini." Akacheka. "Mchukue tu mama."

Tukapanda mshikaki kwenye bodaboda moja, yeye katikati. Hospitali nilisimama naye dirisha hadi dirisha, mpaka akameza kidonge cha kwanza mbele ya macho yangu. Ndipo tukakaa kwenye benchi.

Tukiwa bado pale, simu ikaita. Mkubwa wangu.

"Ile zahanati ya mbali imejibu?"

"Imejibu."

"Wangapi?"

"Wote wanne."

"Aisee, hongera! Wenzao wananisumbua hao. Haya, wanasemaje?"

Binti alikuwa ananitazama, kikombe cha maji bado mkononi.

"Wanasema wako salama," nikamjibu.