Miguu ya Kidawa Ilipogoma

Kidawa wa Likawage hakuwa mwoga, na hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote. Angekuwa mwoga tangu utoto, kama dada yake ambaye hata mjusi wa ukutani humtoa nje mbio, angejua namna ya kuishi na hofu, angeizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha masika. Lakini yeye ndiye aliyeitwa na majirani nyoka akiingia jikoni. Ndiye aliyelinda mahindi kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, akipiga debe kufukuza nguruwe wakati mumewe Abdurahmani yuko Kilwa Masoko anatafuta vibarua. Binti yao Sada, aliyeolewa Mtama, alikuwa akiwaambia wakwe zake kwamba kwao mwanamume ni mama.

Tembo alimkuta njiani asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua imetoka kunyesha na majani yamempita mtu kimo. Njia ya kwenda shambani kwao hukatiza kipande cha msitu, hushuka kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito ndipo ufuta na mihogo yao inapoanza. Kidawa alikuwa anakaribia kijito alipoona kitu alichodhani ni kichuguu. Kichuguu kikatikisa masikio. Hakumbuki alivyolitupa jembe. Anakumbuka yumo korongoni, uso umezama kwenye tope, ardhi inatetemeka juu yake, halafu haitetemeki tena. Alichubuka kiwiko na kanga ikachanika, basi. Akarudi nyumbani, akapika, na jioni akawasimulia majirani mpaka wakashika mbavu, maana alisimulia vizuri, hasa pale pa kichuguu.

Mambo yaliharibika baadaye, alipokwenda kupalilia. Alifika pale msitu unapoanza, mti wa kwanza tu, na miguu ikagoma. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Jua lilikuwa limechomoza vizuri, ndege wanaimba. Lakini moyo ulianza kumtwanga kama mchi kwenye kinu, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa inaingia nusu na kutoka nusu, na akaamini kabisa kwamba anakufa. Akakaa chini. Alipoweza kusimama, miguu ilikubali kwenda upande mmoja tu, wa nyumbani.

Alidhani ni malaria. Kesho yake akaenda tena, ikawa vilevile, palepale. Akajaribu asubuhi, akajaribu mchana, akajaribu na jembe jipya. Nyumbani alikuwa mzima, anachota maji, anatwanga, anacheka. Akiufikia ule mti, anakuwa mtu mwingine asiyemjua. Majani yakaanza kuumeza ufuta, na Kidawa akaanza kudanganya kwamba mgongo unamuuma, kwa sababu mgongo watu wanauelewa.

Uongo wa mgongo haukudumu, na mtu akiwa na tatizo lisilo na jina, kila mmoja hulipa jina lake. Mama mkwe alisema hilo ni jambo la kukaliwa na kitu, na kwamba korongo lile watu walishasema tangu zamani si pazuri. Mwalimu Shamte wa madrasa alimsomea dua, akampa maneno ya kusoma kila akitoka nyumbani, na kusema kweli maneno yale yalimtuliza, usingizi ukarudi. Ila alipoufikia ule mti aliyasoma yote, akayarudia, na bado miguu ikagoma, tena akaona haya mbele ya Mungu, kana kwamba ameyatia maneno matukufu aibu. Alipomweleza, Mwalimu Shamte hakumlaumu. Alimwambia kuomba ni kuomba na kutafuta tiba nako ni ibada, aende zahanati.

Nesi wa zahanati aliitwa Grace, mwanamke mtulivu aliyetoka upande wa Lindi. Alimpima presha, akampima malaria, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuangalia mlango.

"Huumwi wala hujarogwa, mama," alimwambia. "Mwili wako ulishtuka siku ile, na bado haujaamini kwamba siku ile imekwisha."

Akamfundisha kitu kilichomshangaza Kidawa kwa udogo wake. Akifika pale asishindane. Asimame, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kisha ajitajie kwa sauti vitu anavyoviona mbele yake: mti, jani, jiwe, sisimizi. Asogee kidogo. Akishindwa arudi, na kesho aje tena hapohapo. Akili, alisema Grace, inafundishika kama mtoto, lakini kwa kurudiarudia, si kwa kuifokea.

Kidawa alirudi nyumbani hajui kama amepewa dawa au amepewa maneno.

Abdurahmani naye alikuwa na mwalimu wake, mwalimu wa ndani ya simu. Alikuwa amewekewa kwenye kadi hotuba za bwana mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti nzito, ambaye alisema umaskini ni fikra, ugonjwa ni fikra, na hofu ni uongo ambao akili inamwambia mwenye nayo. Ukatae huo uongo, alisema, mara moja, kwa nguvu, na utaona njia. Abdurahmani aliyapenda sana maneno haya. Mwaka uliopita aliyatumia kwenye jino, akaliambia haliumi, haliumi, mpaka shavu likavimba kama dafu akapelekwa kung'olewa. Lakini hilo hakulihesabu. Alisema siku ile hakuwa na imani ya kutosha.

Basi Kidawa akayachanganya yote kwenye chungu kimoja. Akachukua pumzi za Grace, akachukua dua ya Mwalimu Shamte, na juu yake akamwaga maneno ya yule bwana wa simu, kwa sababu yalikuwa mafupi na yanakaa vizuri mdomoni. Akisimama kwenye ule mti, moyo ukianza kutwanga, aliuambia: hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu.

Ikafanya kazi. Hakuelewa kwa nini, lakini ilifanya kazi. Siku ya kwanza aliupita mti. Siku nyingine aliuona mkondo wa kijito kupitia majanini. Kisha asubuhi moja, huku anatetemeka na nguo ya ndani imelowa jasho, akajikuta amesimama kwenye ufuta wake. Akacheka peke yake. Akapalilia mpaka kiganja kikatoka malengelenge, na jioni akamwambia mumewe kwamba yule bwana wa kwenye simu ana akili. Abdurahmani alitembea kijijini kama aliyeshinda kesi.

Tangu hapo Kidawa akawa na silaha. Hata kwenye mambo mengine alilitumia neno lile. Mama mkwe akimsema, hakuna kitu. Mgongo, ambao sasa ulikuwa umeanza kuuma kweli, hakuna kitu. Alijiona ameipata siri ambayo wenzake wanaihangaikia.

Shamba la jirani lilikuwa la Antonia, mama wa Kikatoliki aliyehamia kutoka Njinjo alipoolewa, na wawili hao walizoea kuandamana. Siku yenyewe walikwenda alasiri, Kidawa mbele, Antonia nyuma na kikapu. Walipoukaribia msitu hofu ilimjia Kidawa kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona tangu ile siku ya kwanza. Nywele zilimsimama. Akafanya kama alivyojizoeza. Hakuna kitu, akasema, akaongeza mwendo.

Kwenye kijito aliona matope yamekorogwa. Hakuna kitu. Ng'ambo aliona shina la muhogo limelala njiani, limeng'olewa na mizizi yake, utomvu mweupe bado unadondoka. Aliliona kwa macho, lakini ni kama aliliona kupitia dirishani, kwa sababu mdomo ulikuwa unaendelea: hakuna kitu, hakuna kitu.

"Kidawa, ngoja," Antonia alisema nyuma yake kwa sauti ya chini. "Simama."

"Ni fikra tu," Kidawa alijibu bila kugeuka.

Antonia akamkamata kanga na kumvuta, karibu amwangushe. Na hapo ndipo Kidawa alipoangalia kweli. Tembo jike alikuwa amesimama katikati ya mihogo, si mbali, na mtoto wake chini ya tumbo. Alikuwa amekwisha kugeuka kuwatazama na masikio ameyatanua. Wale wanawake wawili walirudi kinyumenyume, polepole, wameshikana mikono, hadi walipokanyaga maji ya kijito, kisha wakakimbia kama watoto. Kikapu kilibaki hukohuko. Askari wa wanyamapori walikuja kesho yake wakapiga baruti kuwarudisha porini, lakini nusu ya mihogo ilikuwa imekwenda.

Kidawa hakusimulia habari hiyo kwa vicheko. Alikaa ndani. Hakuwa na hofu hata, alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Wakati hapakuwa na kitu, moyo wake ulimwambia kuna kitu. Alipojifunza kutousikiliza, siku ambayo kweli kuna kitu, ulimwambia ukweli naye akaufunga mdomo. Sasa auamini wakati gani? Abdurahmani alijaribu kusema jambo kuhusu imani ya kutosha. Kidawa alimtazama tu, naye akaikumbuka shughuli fulani nje.

Akarudi zahanati, safari hii bila kumuaga mtu.

"Akili yangu imeniuza," alimwambia Grace.

Grace aliomba amweleze polepole. Alipofika kwenye yale maneno ya hakuna kitu, Grace alimsimamisha kwa mkono.

"Mimi sikukwambia useme hakuna kitu, mama. Nilikwambia utaje unavyoviona."

"Si ni yaleyale?"

"Siyo. Ungetaja, ungetaja na ule muhogo."

Kidawa akauliza swali lililomtoa nyumbani: atajuaje, hofu ikija, kama ni hofu ya kweli au ni ya uongo? Grace alisema hajui. Akasema kuwa hata yeye, akipanda bodaboda tangu ajali aliyoipata, moyo humwambia shuka, na mara nyingine dereva ni mlevi kweli na mara nyingine hana neno, na moyo unapiga vilevile. Anachoweza ni kumwangalia dereva vizuri kabla ya kupanda. Zaidi ya hapo hana.

Kidawa alitegemea jibu, na njiani kurudi alikuwa amekasirika kidogo kwamba mtu aliyesoma hakuwa nalo. Lakini siku zilivyopita aliona kwamba angepewa jibu jingine lolote angelilalia chali kama alivyolilalia lile la kwanza.

Alianza upya kwenye ule mti, na safari hii aliiuliza hofu badala ya kuikatalia. Ikija, husimama, huvuta pumzi, kisha humwambia huyo aliye ndani, kwa upole, kama anavyosema na mtoto aliyeamka na ndoto mbaya: nimekusikia, haya, umeona nini? Halafu huangalia. Matope yamekorogwa au hayakukorogwa. Kinyesi kipo au hakipo, na kama kipo, kimekauka au kinafuka. Ndege wanasema au wamenyamaza. Ikiwa hakuna alama, husogea, na hofu huja naye, inanung'unika, lakini inatembea. Zipo siku huja na alama, na hapo wote wawili hurudi nyumbani wamekubaliana.

Ingekuwa hivyo kila siku, pasingekuwa na shida. Shida ni siku za katikati, nazo ni nyingi. Siku ambazo ndege wamenyamaza lakini labda ni mwewe amepita. Siku ambazo tope limekorogwa lakini labda ni ng'ombe. Siku hizo Kidawa husimama pale kwenye mti muda mrefu, haendi wala harudi, akili inampeleka huku na kumrudisha kule, mpaka achague tu.

Mwezi wa sita ufuta ukawa tayari kukatwa. Jambo la ajabu ni kwamba wanawake wa upande ule walikuwa wameanza kumfuata yeye. Antonia alikuwa amewaambia kwamba Kidawa anajua, ana namna yake, basi wakawa wanamsubiri njiani ili aende mbele. Alijaribu kuwaambia kwamba hajui lolote, wakaona ni adabu. Asubuhi moja waliandamana kundi zima na miundu yao, na Kidawa alipoufikia msitu moyo ukaanza. Akasimama. Wote wakasimama. Akaangalia tope, halikuwa na alama anayoweza kuiapia. Akasikiliza. Alihisi macho ya wenzake mgongoni, na hilo likamvuruga zaidi, hakujua tena anachokihisi ni tembo au ni haya. Mwishowe akasema turudi.

Wakarudi. Mchana wanaume wakapita njia ileile hadi shambani, wakasema hawakuona hata unyayo. Mmoja wa wale wanawake alinuna, maana siku ya kukata ufuta si siku ya kuchezea, vitumba vikipasuka mbegu zinamwagika chini. Antonia hakununa.

Jioni Abdurahmani alimkuta mkewe anachambua kisamvu. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama.

"Mama Sada, alikuwepo au hakuwepo?"

"Sijui."

"Sasa uliogopa bure, au hukuogopa bure?"

Kidawa akaendelea kuchambua. Alilitafuta jibu kwa dhati, akarudi tena akilini mpaka kwenye ule mti, akaangalia upya kila alichokiangalia asubuhi, na hakuona zaidi ya alichokiona mwanzo.

"Hata hilo sijui," alisema. "Ninachojua, kesho naenda."

Na kesho yake alikwenda. Kina mama walikuwa wachache zaidi, lakini Antonia alikuwepo. Kwenye ule mti Kidawa alisimama, akauliza, akaangalia, hakupata jibu lililo wazi, akaingia. Walikata ufuta mpaka adhuhuri, wakayasimamisha matita yake yakauke juani, na kila jani lilipotikisika Kidawa aliinua kichwa.