Kadi Zilizoanikwa kama Wimbi

Machogu alikuwa kitinda mimba, na kwao Kebirigo kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Kaka zake watatu walishaondoka zamani. Mwaka huo wa 1973 alikuja kuaga tu. Jumatatu alitakiwa Nairobi, kwenye kompyuta ya chuo kikuu, akamalizie utafiti wa shahada yake ya pili: namna ya kuifanya mashine ipange upesi orodha iliyovurugika. Maagizo yote ya mashine yalikuwa kwenye kadi elfu moja na mia mbili zenye matundu, kila moja na zamu yake. Hakuwa amezitia namba. Hiyo aliiona kazi ya wazembe.

Ijumaa alipotoka sokoni alilikuta sanduku la kadi mlangoni.

“Paa lilivuja jana, zikalowa,” mama yake, Bitutu, alimwambia kwa furaha. “Nikazianika uani kama wimbi la uji. Nimezigeuzageuza kwa mkono mpaka zikakauka. Hata moja haikupotea.”

Machogu akachomoa kadi ya juu, kisha ya pili, kisha ya ishirini. Hakuna iliyokuwa mahali pake.

“Mama! Kuzipanga upya ni kazi ya miezi!”

Bitutu akamsogezea kigoda.

“Si ndiyo kazi uliyosomea, baba, kupanga vitu vilivyovurugika? Kaa upange. Hapa ni kwako, nani anakufukuza?”