Pikipiki ya Papa: Walinipa Kutu, Leo Wanadai Kung'aa

Admin, nisitiri jina langu, maana kaka zangu nao wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, nakaa Mabanga hapa Goma na ninapika chakula cha kuuza. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikisema vibaya.

Papa yetu alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe kule Kalengera. Alikuwa na pikipiki ya zamani, ya wakati ule ambapo vyuma vilikuwa vyuma: usukani, bomba la moshi, duara la taa, vyote vya kromu. Nilipokuwa mdogo alinikalisha mbele, juu ya tangi, tukaenda Rutshuru, na kabla ya kuondoka nilijitazama kwenye ile taa kama kioo nikatengeneza nywele. Vita vilipotufukuza tulikuja nayo Goma. Papa alipougua, ikasimama nyuma ya nyumba, na nyinyi wa Goma mnajua jinsi moshi wa volkano na mvua yake vinavyokula hata mabati. Ikawa nyekundu yote. Papa nilimuuguza mimi. Kaka zangu walikuja siku za kupiga picha.

Kilio kilipokwisha, familia ikakaa kugawana. Kaka mkubwa akachukua parsele, kile kiwanja cha Papa, na nyumba, mama akabaki humo. Wa pili akachukua shamba la Kalengera. Nikauliza, "Na mimi je?" Kaka mkubwa akacheka: "Weye utaolewa, utakula kwa bwana yako. Beba ile piki, ukauzishe vyuma." Wote wakacheka. Baba mdogo, aliyesimamia mgao, akasema imepita, neno limekwisha. Niliisukuma mwenyewe hadi Mabanga, tairi hazina upepo.

Sikuiuza. Injini nilimwachia fundi, lakini kromu nilisema nitaing'arisha kwa mkono wangu. Nilianza kwa ujinga: nikachukua mchanga wa volkano, ule ule tunaosugulia masufuria, nikasugua ukingo wa taa. Kutu ilitoka kweli, na kromu ikakwaruzika. Nililia siku ile. Baadaye nikaijaribu ile karatasi ya alumini ninayofungia samaki. Unaikunja, unaichovya kwenye maji ya ndimu, unasugua polepole bila kutumia nguvu. Unatoka uji wa kahawia, unafuta kwa kitambaa, unarudia. Ukimaliza unapaka mafuta, la sivyo kutu inarudi kama mgeni asiye na haya. Nilifanya hivyo kila nikimaliza kuuza, miezi na miezi, vidole vikawa vyeusi hata wateja wakanitania kwamba nimeolewa na chuma. Palipoliwa sana pamebaki vitundu. Lakini siku moja niliinama mbele ya taa nikaona uso wangu, nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Jumapili moja nikaenda nayo misa. Watu wa parokia wakaizunguka, wazee waliomjua Papa wakaigusa na kutikisa kichwa. Mjinga mimi, nilifurahi. Wiki hiyo hiyo kaka mkubwa akaniita nyumbani, akasema nije nayo. Nikamkuta na kaka wa pili, baba mdogo na mama.

"Mudada, ile piki ni ya Papa," kaka mkubwa akaanza. "Mutoto wangu anaoa mwezi unakuja. Nitaingia nayo ku arusi, watu waone mwenye alibakia mu kiti ya Papa. Kisha itabakia hapa."

"Yaya," nikamjibu kaka, "si mulinipatia?"

"Tulikupatia vyuma ya kuuza. Hatukukupatiaka piki. Piki ya muzee haipitiake kwa mwanamuke." Akaizunguka, akainama kwenye taa, akaweka kidole juu ya ile mikwaruzo. "Na tena uliiharibu! Kitu ya muzee unaisugula na mchanga kama sufuria?"

Nikamwambia siitoi. Akajibu bila hata kupandisha sauti: "Basi ukikataa, umukamate na mama, mukae naye mu kile chumba yako."

Mama alikuwa amekaa pale pale. Aliponisindikiza mlangoni ndipo akaninong'oneza: "Mutoto wangu, minakuomba, umupatie tu. Miye niko nalala kwake." Chumba changu kinaingia kitanda na jiko, na mvua ikinyesha maji yanapita chini ya mlango. Mama ana kifua kibaya. Kaka anajua hayo yote, ndiyo maana alisema vile.

Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichumia juani, na kivulini nimekuta watu wameshakaa.

Nilirudi nayo Mabanga, ila nimepewa hadi Jumamosi niipeleke. Jana niliyeyusha chumvi kwenye ndoo, nikatafuta kitambaa cha kupangusia mafuta yote niliyoipaka. Ukiipangusa, ukaimwagia maji ya chumvi na kuiacha nje kwenye mvua yetu hii, hadi siku ya arusi itakuwa imerudi vile walivyonipa. Nilitaka kuanzia kwenye taa. Nikainama, nikajiona mle ndani, nywele hazijatengenezwa, na mkono ukakataa.

Ndoo bado iko nyuma ya mlango. Walinipa kutu. Nikiwarudishia kutu, nitakuwa nimewakosea wao au nimemkosea Papa? Na nikiificha nisiitoe kabisa, mama atalala wapi? Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nishaurini kabla ya Jumamosi, ila msiniambie nisamehe tu. Hilo nimeambiwa tangu siku ya kilio.